Braketi ya L kwa kamera yenye gripi ya betri: nimeshanunua moja, haifai. Nichukue ipi?

Picha_Katuba · Lubumbashi · Jumapili, saa 3:40 usiku

Salamu kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Jana nilikuwa na arusi. Baada ya misa tukatoka uwanjani, pale kanisa kuu la Saints-Pierre-et-Paul, jua la saa tisa, matofali yamewaka mekundu kama yametoka tanuruni leo. Familia ikataka picha ya wima ili ukuta wote wa mbele uonekane juu ya maharusi. Nikalaza kichwa cha tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, pembeni, nikakaza mpaka kidole kikauma. Picha ya kwanza, safi. Ya pili, ukuta umepungua. Ya tatu, mama mkwe hana kichwa.

Kamera ilikuwa inainamisha pua taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Mjomba wa bibi arusi akaniuliza mbele za watu wote: "Papa, hiyo mashine yako imechoka?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Shida hii siyo mpya, ndiyo maana nilikuwa nimeagiza braketi ya L, ile ya kona, unayofunga chini ya kamera na mkono wake unapanda ubavuni. Ukitaka wima, unatoa kamera kwenye kibano, unaigeuza, unaibana kwa ule mkono, na kichwa cha tripodi kinabaki kimesimama. Niliona watu wa Lusaka wanazo. Nikatuma dola 22, nikangoja wiki tatu, ikapita mpaka wa Kasumbalesa ikafika. "Inaingia kamera zote," ndivyo tangazo lilivyosema.

Inaingia kweli, lakini kamera bila gripi. Nikifunga gripi ya betri, kile kishikio cha chini kinachobeba betri mbili, mkono wa braketi unaishia chini sana. Nikigeuza wima, kibano kinashika sehemu ya gripi tu, lenzi iko kando kabisa, na uzito wote unaning'inia upande mmoja. Arusi ya jana sikuibeba hata, niliiacha nyumbani.

Maswali yangu: kuna braketi ya kamera pamoja na gripi? Nipime nini kabla ya kununua tena? Au niachane na gripi?

---

JichoLaKivu · Bukavu

Pole kaka. Huyo mama mkwe atakukumbuka.

Tupe vitu kwanza: kamera gani, gripi gani, lenzi gani, na kichwa cha tripodi ni cha gololi au cha mikono mitatu? Watu watakujibu hewani usipotaja.

---

Picha_Katuba

Canon 5D Mark III, gripi BG-E11, betri mbili za LP-E6 ndani. Lenzi ya arusi ni 24-70 f/2.8, toleo la pili. Kichwa ni cha gololi, kibano cha kukaza kwa kirungu, ule mtindo wa Arca-Swiss, unaobana bamba lenye pande za mshazari. Tripodi ya alumini, ya kawaida, miguu bado mizima.

Gripi siwezi kuiacha siku ya arusi. Umeme wa huku kwetu mnaujua. Naingia ukumbini saa nane mchana, natoka saa nane usiku, na sitaki kutafuta betri mfukoni wakati keki inakatwa.

---

Wazo_Huru · Dar es Salaam

Aisee mkuu, unajitesa bure. Piga mlalo, nenda nyumbani, kata wima. Hiyo kamera yako inatoa picha ya pikseli 5760 kwa 3840. Ukikata wima kwa uwiano uleule unabaki na 2560 kwa 3840, karibu megapikseli 9.8. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni sentimita 21.7 kwa 32.5. A4 inaingia na nafasi inabaki. Dola zako weka mfukoni.

---

Mama_Album · Lubumbashi

Mwanangu wa Dar, hesabu yako ni sawa, ila wateja wetu siyo wa A4. Mimi nachapisha. Huku bibi arusi anataka picha ya ukutani, sentimita 50 kwa 75, ndani ya fremu ya dhahabu, iwekwe sebuleni juu ya televisheni ili kila mgeni ajue. Picha nzima ya wima kwenye karatasi hiyo inakupa karibu nukta 195 kwa inchi. Ile uliyoikata inakupa 130. Kwa mbali utasema ni kitu kimoja. Lakini shangazi hatazami kwa mbali, anasogea mpaka pua inagusa kioo ili aone kama shanga za gauni zinahesabika.

Na tena, ukipiga mlalo ukijua utakata, unarudi nyuma. Pale uwanjani ukirudi nyuma unaingiza magari na watoto wa watu.

---

Wazo_Huru

Mama umeshinda. Nimekaa chini.

---

Virunga_Lenzi · Goma

Kwa swali la kwanza: ndiyo, zipo. Kuna makampuni yanayotengeneza braketi kwa kila kamera peke yake, na nyingine kwa kamera pamoja na gripi yake. Really Right Stuff ya Marekani ni mojawapo, Kirk ni nyingine. Hizo zinachongwa kufuata umbo la chini la gripi, zina ukingo mdogo unaokumbatia gripi ili isizunguke, na ubavuni zimeachwa tundu ili milango ya nyaya ifunguke. Ukishaifunga hujui chuma kinaishia wapi na kamera inaanzia wapi.

Ila bei mpya ni dola 150 na kuendelea, kabla ya usafiri. Kwa kamera ya miaka hiyo tafuta iliyotumika.

Nicheke kidogo: mara ya kwanza nilipoona anwani ya Kirk imeandikwa Angola, nilimwambia rafiki yangu wa Kolwezi aende Dilolo anichukulie, ni jirani tu. Kumbe kuna mji unaitwa Angola huko Indiana, Marekani. Mpaka leo ananiita Monsieur Dilolo.

---

Picha_Katuba

Monsieur Dilolo 😂

150 ni arusi ngapi hiyo... Aksanti lakini. Nikikosa, je, ile niliyonayo haiwezi kurefushwa?

---

Kerezo_Kampemba · Lubumbashi

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi si mpiga picha sana, ni mkerezaji, mashine zangu ziko Kampemba, na mwanangu wa kiume ndiye anapiga picha. Nimeshamtengenezea mambo haya mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mbaya.

Kijana, braketi iache kwanza, chukua kidole. Weka kamera kwenye tripodi kwa wima, vilevile kama siku ya arusi. Shika ncha ya lenzi kwa kidole kimoja, isukume chini polepole, na jicho lako lisiwe kwenye picha, liwe kwenye maungio. Yako manne. La kwanza, kati ya kamera na gripi. La pili, kati ya gripi na bamba, kile kipande kinachofungwa chini na kuingia kwenye kibano. La tatu, kati ya bamba na kibano. La nne, gololi yenyewe. Lile linaloanza kucheza ndilo lenye ugonjwa. Watu wananunua braketi ya bei kutibu ungio la pili wakati homa iko kwenye la kwanza.

Sababu ni hii. Gripi yako inashikwa na skrubu moja tu, inayoingia kwenye tundu lilelile la tripodi chini ya kamera. Kile kidole cha plastiki kinachopanda ndani ya chumba cha betri kinapitisha umeme. Kinasaidia kidogo gripi isizunguke, lakini hakijatengenezwa kubeba mzigo. Kwa hiyo ukifunga braketi chini ya gripi, hata iwe ya dhahabu, kamera yote na lenzi vinaning'inia kwenye skrubu moja ambayo wewe huioni, unaikaza kwa gurudumu la kidole gumba. Ukilaza wima, uzito haukandamizi tena ungio, unalisukuma kwa ubavu.

Fanya hiyo kazi ya kidole halafu urudi hapa.

---

JichoLaKivu

Mzee, aksanti sana. Miaka sita nina gripi na sijawahi kufikiria kwamba inashikwa na skrubu moja. Nimeenda kukaza yangu sasa hivi. Ilikuwa imelegea.

---

Picha_Katuba · Jumanne usiku

Mzee, nimefanya. Nimekaa sebuleni na tochi, mke wangu ananiangalia kama nimepotea.

Ungio la kwanza: kati ya kamera na gripi, nikisukuma lenzi, mstari wa mwanga unafunguka. Mwembamba kama karatasi, lakini upo. Gurudumu la gripi nilikuta linakubali robo mzunguko zaidi. Robo nzima! Nimekaza, mstari umepungua, haujaisha.

La pili: hapa ndipo aibu. Bamba langu la kawaida lina mpira mweusi juu, na ule mpira unakunjwa. Kamera inazunguka kwenye skrubu, pua inashuka. Ndiye mwizi wa kichwa cha mama mkwe.

La tatu na la nne hayachezi.

---

Kerezo_Kampemba

Umeona. Mpira unafurahisha mkono lakini unadanganya. Unakaza mpaka unahisi umefika, kumbe unaukandamiza tu, na ukiupa uzito unaendelea kujipanga. Chuma kwa chuma hakina hadithi hizo. Na bamba lisilo na ukingo wa nyuma, lenye skrubu moja katikati, ni bawaba. Ukibeba kitu kizito kwa bawaba, kitageuka.

Sasa kuhusu kurefusha ile ya dola 22: piga picha uiweke hapa, na kipimo kimoja tu nataka, kutoka chini kabisa ya gripi mpaka katikati ya kioo cha lenzi. Hicho ndicho kinachoamua urefu wa mkono. Mkono ukiishia chini ya hapo, ukigeuza wima kibano hakiwezi kukaa chini ya lenzi.

---

Fundi_Chapchap · Likasi

Kwa nini shida yote hii? Chukua kona ya chuma ya milimita 5, kata, toboa, piga rangi nyeusi. Dakika ishirini. Kwangu hapa dola 5.

---

Mama_Album

Chuma cha milimita 5 ubavuni mwa kamera ya watu...

---

Kerezo_Kampemba

Fundi mwenzangu, sitakutukana. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ukubwa uleule, na huyu anabeba mzigo huo mkononi kwa muda wa saa kumi na mbili. Tena jasho na mvua ya Desemba, kutu itaanza mahali rangi ilipokwaruzwa na kibano, na kibano kinakwaruza kila siku.

Alumini nayo usiichomelee ovyo. Ile ngumu, 6061 iliyopitishwa kwenye moto wa kuikomaza, ukiichomelea inapoteza nguvu palepale karibu na weldi, na kwenye L weldi iko konani, mahali penye kazi yote. Ukisema uikunje, ikikunjwa kwa kona kali inapasuka. Utaona nyufa ndogo nje ya mkunjo kama ngozi ya mguu wakati wa kiangazi. Braketi ya kwanza niliyomtengenezea mwanangu niliikunja hivyo. Ilikaa miezi miwili. Kamera ilidondoka kwenye godoro, Mungu ni mwema.

Ya pili nilichonga kutoka kwenye kipande kinene cha kona iliyotoka kiwandani hivyohivyo. Ukikosa kona nene, vipande viwili bapa, boliti mbili na pini mbili za kuzuia kucheza.

---

Fundi_Chapchap

Nimesikia mzee. Hapo kwenye pini sikuwa nimefikiria.

---

Picha_Katuba

Mzee, picha nimeweka chini. Kipimo nimechukua kwa rula ya shule ya mtoto: sentimita 9 na kitu. Mkono wa braketi unaishia kwenye 7.

Na nina swali. Jirani yangu ana duka la boliti, amesema skrubu ya kamera ni M6, anazo kilo nzima. Ninunue?

---

Kerezo_Kampemba

HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Skrubu ya kamera ni robo inchi, hesi (meno) 20 kwa inchi moja. Kipenyo chake milimita 6.35, na kutoka jino moja hadi lingine ni milimita 1.27. M6 ni milimita 6, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1. Kwa jicho ni mapacha. Ukiingiza M6 kwenye tundu la gripi itaingia mzunguko mmoja, pengine miwili, halafu itakaza. Utafurahi, utasema imeshika. Haijashika, imekwama. Meno yanapandana. Ukilazimisha unakula hesi ya gripi, na siku nyingine hata skrubu halali itakuwa inazunguka bure.

Mji huu umejaa M6, maana kila mashine ya Ulaya iliyopita kwenye migodi ilikuja na milimita. Robo inchi haiko mitaani. Kwa hiyo toa skrubu kwenye lile bamba lako la mpira, ndiyo hiyohiyo. Bamba ulitupe, skrubu uitunze.

Na urefu: chovya kijiti cha kiberiti kwenye tundu la gripi, weka alama kwa ukucha, kipime. Skrubu ikitokeza juu ya braketi zaidi ya alama hiyo, itagonga mwisho wa tundu kabla ya kubana, na braketi itabaki inacheza huku wewe unasema nimekaza mpaka mwisho. Utakuwa umekaza kweli. Umekaza skrubu na sakafu ya tundu.

---

Virunga_Lenzi

Huu uzi nauhifadhi. Kijiti cha kiberiti kimenishinda.

Naongeza la milango. Kwenye 5D Mark III milango yote ya nyaya iko ubavu wa kushoto: maikrofoni, spika za masikio, HDMI, na ule waya wa kupigia kwa mbali. Mkono wa braketi unakaa hapohapo. Ukipiga video au ukitumia waya wa mbali, mwambie mzee aache dirisha. Wengine wanafanya mkono unaoteleza nje kwa mfereji, unausogeza kidogo kupata nafasi ya plagi. Hasara ni kwamba kila kinachoteleza kina siku yake ya kulegea.

Pia angalia droo ya betri ya gripi inatokea upande gani na gurudumu la kukaza liko wapi. Braketi inayokulazimisha kuifungua kila ukibadilisha betri, utaichukia ndani ya wiki moja. Na utaacha kukaza lile gurudumu kwa sababu hulifikii, halafu turudi kwa mama mkwe.

---

JichoLaKivu

Swali la pembeni: mimi napiga sana kwa 70-200. Braketi hii ina faida kwangu?

---

Virunga_Lenzi

Hiyo f/2.8, toleo la pili? Ina gramu 1490 peke yake, na ina pete yenye mguu. Funga mguu wa lenzi kwenye tripodi, legeza pete, zungusha kamera wima, kaza. Gripi inakaa huru nyuma haibebi chochote. Usithubutu kufunga lenzi hiyo kwa tumbo la kamera, achilia mbali kwa tumbo la gripi. Braketi ya L ni kwa lenzi zisizo na pete, kama 24-70 ya Katuba.

---

JichoLaKivu

Basi nimeponea hapo. Aksanti Monsieur Dilolo.

---

Picha_Katuba · Jumamosi, wiki mbili baadaye

Wakubwa, ripoti.

Nilienda Kampemba. Mzee alinipokea kwa chai, akaichukua kamera, akaigeuza, akaipima kwa kaliperi bila kuuliza kitu. Rula yangu ya shule ilikuwa imekosea milimita 4. Hakusema neno, alinionyesha tu namba.

Alikuwa na kipande cha kona ya alumini, kinene kama kidole changu kidogo. Alichonga mbele yangu. Zile pande mbili za mshazari zinazoingia kwenye kibano ndizo zilizomchukua muda. Upana wa Arca ni kama milimita 38, lakini ameniambia hakuna sheria moja, kila mtengenezaji ana 38 yake, kwa hiyo aliniomba nije na kichwa cha tripodi chenyewe. Anachonga kidogo, anajaribisha, anapitisha tupa, anajaribisha. Amesema kibano cha kirungu kama changu kinasamehe. Kile cha wenzo wa kufyatua kingekataa kwa tofauti ya unywele. Mwisho iliingia na kutoa ule mlio mdogo, *tsk*.

Chini ameacha ukingo wa milimita 3 unaokumbatia mgongo wa gripi. Ubavuni dirisha la nyaya. Upande wa gurudumu amekata nusu duara ili kidole gumba kifike. Ile ya dola 22 amekataa kuirefusha, amesema ni kushona kiraka kwenye karatasi.

Jana usiku nikafanya jaribio ambalo mwanawe alinifundisha. Kamera wima, mbele ya ukuta wa matofali, skrini ya nyuma imewashwa, nimekuza mara 10 kwenye ufa mmoja wa saruji. Nagonga mguu wa tripodi kwa kalamu, nahesabu mpaka picha itulie.

Bamba la zamani, kichwa kimelazwa: nilifika hadi tano, na ufa haukurudi mahali pake. Ulikuwa umeshuka.

Braketi mpya pamoja na gripi: mbili na nusu, ufa umerudi palepale.

Braketi mpya, gripi nimeitoa: moja, kimya.

Kwa hiyo mzee ulikuwa na haki tangu siku ya kwanza, ungio la gripi bado lipo na litabaki. Nimeamua hivi. Arusini, mchana, kwa kasi ya 1/125 ya sekunde na kupanda, gripi inabaki na braketi inafanya kazi yake. Jioni nikienda kupiga bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, sekunde 20, sekunde 30, gripi inabaki nyumbani na braketi nafunga moja kwa moja kwenye kamera. Mkono unazidi kidogo juu, haupendezi, ila haugusi kitu, maana mzee alichonga mfereji chini badala ya tundu moja. Nasogeza skrubu mpaka lenzi ikae katikati.

---

Mama_Album

Picha za arusi je? Wale watu wamesamehe?

---

Picha_Katuba

Nilizo nazo ni ile ya kwanza, nzuri, na ya pili. Ya tatu nimeificha. Mama mkwe alichagua ya kwanza. Mama, nitakuletea Jumatatu, 50 kwa 75.

---

Mama_Album

Ilete. Na usiikate kabla sijaiona.

---

Kerezo_Kampemba

Umesahau kuwaambia la rangi ya kucha.

---

Picha_Katuba

Eeh kweli. Mzee aliazima rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, akachora mstari mmoja unaovuka kichwa cha skrubu na braketi, na mwingine unaovuka gurudumu na gripi. Mistari ikiachana, kuna kitu kimezunguka. Barabara ya kwetu Katuba inatikisa hata meno, kwa hiyo natazama mistari hiyo kila nikishuka kwenye gari. Leo asubuhi ule wa gurudumu ulikuwa umeachana kidogo tu, unene wa uzi. Nikakaza. Zamani nisingejua.

---

Fundi_Chapchap

Mzee, braketi kama hiyo unafanya bei gani? Nina wateja wawili hapa Likasi.

---

Kerezo_Kampemba

Waje na kamera, gripi na kichwa cha tripodi. Bila vitu hivyo vitatu sichongi. Bei tutaongea mkiwa mmekaa.

---

Picha_Katuba

Na mimi nauza ile braketi ya dola 22. Imetumika mara moja, haina mkwaruzo. Ni nzuri kabisa kwa mtu asiye na gripi. Dola 10.

---

JichoLaKivu

Naitaka, kamera yangu ya pili haina gripi. Spana yake ya aleni ipo?

---

Picha_Katuba

Imepotea siku ileile iliyofika.

---

JichoLaKivu

Basi dola 8.

---

Picha_Katuba

Sawa, 8. Nauli ya kuifikisha Bukavu ni juu yako.